Landrova ya Kifanya na Sahani Niliyoikataa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa lori la kutazama. Bruda aliyekuwa mkuu wa karakana ya misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe, alinipeleka hadi lilipoegeshwa, akaniambia nilitazame mpaka saa sita mchana, kisha nimweleze lina nini. Halafu akaenda zake kunywa chai. Ilikuwa Juni, baridi imeshika kweli, nami nilikuwa na suruali ya shule na sweta la kaka yangu. Nililizunguka lile lori, nikainama, nikachungulia uvunguni, nisione kitu ninachokijua zaidi ya matairi. Dereva wake, mtu mchangamfu, akanionea huruma. Akaniambia klachi imekwisha, yaani ile sehemu inayounganisha injini na gia, nisijisumbue bure.

Saa sita Bruda akarudi.

"Lina nini?"

"Klachi imekwisha, Bruda."

"Umejuaje?"

"Dereva amesema."

Bruda alikuwa Mzungu, lakini Kiswahili chake alikipata kwa vibarua wa misheni na kilikuwa na Kibena kingi ndani yake. Hakupandisha sauti. "Mimi nimeuliza gari," alisema, "wewe umenijibu dereva. Rudi."

Nikarudi. Kufika saa kumi nilikuwa nimegundua kwamba springi ya nyuma imekatika majani mawili, yaani yale mabapa ya chuma yanayobeba uzito. Klachi ilikuwa nzima kabisa. Yule dereva alikuwa amepakia mbao za watu kupita kiasi, na alitaka tuhangaike na klachi ili baadaye springi ionekane imekatikia mikononi mwetu. Kwa hiyo mimi nilidanganywa kazini kabla sijala chakula changu cha kwanza cha mchana, na tangu hapo sijapona. Mke wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba nikisalimiwa "habari za asubuhi" huuliza kwanza asubuhi ipi.

Kwa Bruda nilijifunza kusikiliza chuma. Chasis, kwa ninyi ambao hamjawahi kulala chini ya gari, ni yale mapande mawili marefu ya chuma yanayobeba kila kitu, kama mtambaapanya unavyobeba paa. Ikioza, huna gari, una bati lenye viti. Bruda alikuwa na nyundo ndogo, naye aligonga chasis kidogo kidogo kutoka mbele hadi nyuma huku amefumba macho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye unga. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nasi tuliinama mpaka migongo ikagoma. Nilipoondoka misheni, nyundo nilikuwa nayo yangu.

Kituo changu cha pili kilikuwa karakana ya serikali. Msimamizi wake tulimwita Bwana Karakana, na sidhani kama alipenda magari hata kidogo. Alichopenda ni kukamata watu. Madereva walikuwa na mtindo wa kuingiza gari lenye betri mpya na kulitoa lenye betri kuukuu, kisha kuapa kwamba ndiyo ile ile. Bwana Karakana akatuamuru tuchore alama ya siri kwenye kila betri, kila jeki, kila dainamo. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yako bila kukohoa.

"Hii betri ikoje?" angeuliza.

"Mpya, Bwana."

"Mpya kwa nani?"

Alinifundisha pia kunusa oili, kuangalia kucha za muuzaji, na kutoshika karatasi yoyote safi mno, maana karatasi ya gari lililofanya kazi lazima iwe na alama ya kidole chenye grisi. Nilimchukia, lakini nilimwiga. Baada ya miaka mingi karakana ile ilipunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Nikafunga vyombo vyangu nikashuka Makambako.

Makambako ni njia panda, na kwa fundi njia panda ni shamba. Malori ya Zambia yanapita, ya Songea yanapita, na yote huharibika. Mwenye gereji aliyeniajiri sote tulimwita Tajiri, naye hakukataa. Mwanzoni nilifanya kazi za kawaida: ovahoo za injini, difu, breki. Kisha likaja jambo jipya. Watu wa Dar es Salaam na Arusha wakaanza kutafuta magari ya kizamani ili wayafufue: Landrova za zile enzi, pikapu za Pijo zenye sura ya huzuni. Walitaka kuyarudisha yalivyokuwa, mpaka rangi na vitasa. Sisi huku tulikuwa nayo, tumeyafugia kuku. Tajiri akanifanya mtafutaji.

Nieleze kidogo kazi hiyo, maana siku hizi vijana wanadhani gari la zamani linapatikana kwenye simu. Halipatikani huko. Linalopatikana huko limeshapita mikono ya madalali sita. Mimi nilikwenda Mdandu, nilikozaliwa, nilikwenda Makete, nilikwenda vijiji vya chini huko. Sikuuliza kama kuna gari linauzwa, maana ukiuliza hivyo bei inakwenda mbio kukutangulia. Niliuliza nani kijijini alikuwa dereva zamani. Nilitazama mabanda. Ukiona banda lenye mlango mpana kuliko ng'ombe, simama.

Ukishalipata, hapo ndipo kazi inapoanza. Mwenye gari huku kwenye baridi anajua kwamba injini chakavu haiwaki asubuhi, kwa hiyo huiwasha alfajiri kabla hujafika. Ndiyo maana nilijizoeza kuweka kiganja kwenye boneti kwanza, kabla ya salamu. Wapo waliojaza simenti kwenye chasis iliyotoboka, wakapaka lami juu. Wapo waliotia unga wa mbao kwenye gia boksi: ule unga hulewesha meno mabovu yasipige kelele, gari linatembea kimya kama bibi harusi, na baada ya safari moja hadi Njombe linaanza kulia. Na huku kwetu, ambako kila kilima kina mashine ya kupasua mbao, unga wa mbao haununuliwi.

Mara moja tu nilinaswa, na walioninasa ni watu wa kwetu Mdandu. Walinikaribisha kwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na nyama ya nguruwe, tukacheka, tukatafuta undugu tukaupata. Nilipolala chini ya lile gari tumbo limejaa na moyo umelegea, niligonga chasis mara mbili tatu nikasema haina neno. Mteja wa Tajiri aliikuta simenti. Tajiri aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ulikwenda kutazama gari au ulikwenda harusini?"

Akaendelea mwenyewe:

"Kuanzia leo usile kwao. Usinywe hata maji. Ukishamega ugali wa mtu, mdomo wako hauwezi tena kumwambia chasis yake imeoza."

Nikaishika amri ile. Kwa kuwa huwezi kumkatalia mtu chakula hivi hivi, nikatunga kidonda. Nilisema nina vidonda vya tumbo na daktari wa hospitali ya Ikonda amenikataza kula ovyo. Hakuna mtu mkoani kwetu anayebishana na daktari wa Ikonda. Kidonda hicho nilikibeba miaka yote iliyobaki ya kazi, na tumbo langu ni zima mpaka leo, linasaga hata msumari. Sijui ni akina mama wangapi walipika kwa ajili yangu wakaishia kula wenyewe.

Nilistaafu mikono ilipoanza kutetemeka. Tajiri alinipa jeki, kofia na maneno mazuri. Nyumbani nilikaa miezi michache nikamchosha mke wangu kwa kukagua milango. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewatafutia watu magari mengi sana ya kufufua, na mimi mwenyewe sikuwahi kufufua hata moja la kwangu. Nilitaka moja. Nilitaka Landrova ile ya chasis fupi, niifungue yote, niirudishe, kabla mikono haijakataa kushika nati ndogo. Nilijua nina muda wa gari moja tu, na nikikosea kuchagua sitapata nafasi nyingine.

Dereva mmoja wa lori la magogo akaniambia ipo moja Kifanya, kwa mjane anayeitwa Mama Onesmo.

Nikapanda asubuhi na mapema. Nyumba yake ilikuwa chini ya shamba la misonobari iliyokomaa, tayari kwa kukatwa. Mama Onesmo alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, kitenge kimefungwa vizuri, kandambili zina matope ya bustani. Kando ya banda, juu ya gogo, alikaa mwanaume aliyejitambulisha kuwa Gaudensi, mdogo wake marehemu.

"Kamwene," nikamsalimia kwa Kibena, lakini mkono wangu tayari ulikuwa kwenye boneti.

"Kamwene, karibu," mama akajibu, akiutazama ule mkono. "Ni ya baridi, fundi. Haijawaka tangu baba Onesmo alipougua."

Landrova ilikuwa imefunikwa blanketi. Matairi yalikuwa yameinuliwa juu ya magogo yasioze. Chini palikuwa pamefagiliwa. Wengine wangefurahi. Mimi nilishtuka. Mjane wa kijijini amejuaje kuinua gari juu ya magogo? Nikajiambia huyu amefundishwa na dalali.

"Ina matatizo gani?" nikauliza.

"Gia ya tatu inaruka yenyewe. Chasis imeoza nyuma upande wa kulia, marehemu alisema. Breki hakuna. Injini aliizima ikiwa nzima, lakini ya sasa siwezi kukuapia."

Muuzaji akikutajia makosa matatu bila kuulizwa, niliwaza, basi la nne ndilo kubwa. Nikalala chini. Chasis ikalia vizuri mpaka nyuma kulia, pale ilipooza, kama alivyosema. Nikakwangua nikitafuta simenti, nikakuta kutu ya haki. Nikaenda kwenye gia boksi. Nati ya kumwagia oili ilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana. Nikajisemea, nimekupata.

"Nani ameigusa hii?"

"Mimi," alisema Mama Onesmo. "Kila mwaka namwaga oili naweka nyingine. Aliniachia maagizo."

Nikafungua, nikachovya kidole, nikasugua nikitafuta unga wa mbao. Oili ilikuwa safi. Nikafuta kidole bila kuridhika. Nikaomba karatasi. Akazileta ndani ya Biblia: kadi ya gari, na barua ya mahakama ya mwanzo inayomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Nikaiinua barua ile dhidi ya jua.

"Unatafuta nini, fundi?"

"Muhuri."

"Upo hapo chini kulia."

Ulikuwepo. Tulipatana bei haraka, na uharaka wake nao nikautilia shaka. Kisha akaingia jikoni, akatoka na sinia. Alikuwa amechinja jogoo. Ugali, kuku, mboga ya maboga, na maji ya kunawa yenye uvuguvugu, maana kulikuwa na baridi.

"Karibu, fundi."

"Nashukuru, mama. Nina vidonda vya tumbo. Daktari wa Ikonda amenikataza."

"Hata mchuzi tu?"

"Hata mchuzi."

"Basi nikuchemshie maziwa."

"Usihangaike, mama."

Alisimama pale na sinia mikononi. Kisha akamtazama shemeji yake. Gaudensi akasema ameshiba. Mama akafunika sinia kwa kitambaa akalirudisha ndani. Mimi niliyejidai kuona kila mkwaruzo, niliona kwamba Gaudensi naye hakula, wala sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa bado nawaza kosa la nne.

Tukaenda Njombe watu watatu, tukaandikishiana kwa mwanasheria, Gaudensi akiwa shahidi. Mama Onesmo akawahi gari la kurudi Kifanya. Mimi nilikuwa na njaa inayouma masikio. Nikaingia kwa mama ntilie, Gaudensi akanifuata, nikaagiza wali na nyama, nikamimina pilipili.

"Tumbo limepona, mzee?" akauliza.

"Limepumzika," nikasema, nikacheka. Yeye alitabasamu kidogo, akakaa akinitazama nikila.

Landrova ikaja Makambako juu ya lori. Niliifungua uani kwangu taratibu, kila nati kwenye kopo lake, kila kopo na jina lake. Nilikuwa natafuta. Nilifungua gia boksi nikaikuta gia ya tatu imeliwa meno, vilevile kama nilivyoambiwa, na gia nyingine nzima. Nilifungua injini, pistoni safi. Chini ya kiti nilikuta spana za marehemu zimefungwa kwenye kitambaa chenye grisi zisishike kutu, na huyo mama alikuwa ameziacha ndani ingawa hatukupatana habari za spana. Wiki baada ya wiki kila nilichofungua kilimtetea. Nikiri jambo la aibu: sikufurahi. Nilihisi kama mtu aliyekwenda kumvizia mwizi akarudi mikono mitupu.

Hakukuwa na kosa la nne. Nilikuwa nimeshaanza kuunga chasis nyuma pale Gaudensi alipopita nyumbani. Alikuwa Makambako akitafuta mnunuzi wa magogo. Akazunguka gari, akasifu, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa pongezi:

"Mzee, wewe uliona mbali."

"Niliona nini?"

"Chakula cha yule mama. Sisi tulikuwa tunanong'ona tu, hatuna ushahidi. Kaka yetu aliugua muda mrefu, na aliyempikia ni nani? Sasa wewe ni mgeni, humjui, huna ugomvi naye, ukakataa. Ukasingizia tumbo, na pilipili nilikuona nayo mwenyewe. Nikawaambia ukoo, hata fundi wa Makambako alishtuka."

Spana ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka chini.

"Ukoo unasemaje?"

"Jumapili tunakaa. Tunataka arudi kwao. Nyumba na lile shamba la miti vibaki kwetu."

Alikuwa akisema hayo huku anatafuta mnunuzi wa magogo. Hata Bwana Karakana angeona alama hiyo bila miwani.

Alipoondoka nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha kuchambua.

"Ngoja nielewe," alisema. "Umekwenda kwa mjane. Amekuchinjia jogoo. Shemeji yake amekaa pale anatazama. Ukakataa."

"Ilikuwa kazi."

"Umeshastaafu." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Ungekuwa Mzungu ningekusamehe. Wewe ni Mbena wa Mdandu. Hukujua kukataa sahani ya mjane mbele ya shemeji yake ni kusema nini?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Kila mtoto wa kwetu anajua. Mtu akikataa chakula chako na hana sababu ya kweli, amekushitaki, na amekushitaki kwa kifo. Nilikuwa nimeisema ile sentensi ya kidonda mara nyingi mno hata nikaacha kusikia ina maana gani. Nilijisikia mchafu, na nilimwogopa yule mama kuliko nilivyowahi kumwogopa bosi yeyote.

Jumapili nikaenda. Nilifika Kifanya watu wametoka kanisani, ukoo umekaa uani kwa Mama Onesmo kwenye mabenchi. Kaka mkubwa wa ukoo, mzee mwenye koti refu, ndiye aliyeongoza. Mama Onesmo alikaa peke yake karibu na mlango wa jikoni. Safari hii nilisalimia mmoja mmoja, kamwene kwa kila mkono, mpaka mwisho. Kisha nikaomba kusema.

Nikasema tumbo langu halijawahi kuugua. Nikasema ni uongo niliofundishwa kazini ili wauzaji wasinilegeze, na nimeusema kila kijiji.

"Hapa ulikuwa unamshuku mama huyu?" akauliza mzee wa koti.

"Nilimshuku, mzee. Nilidhani ananificha ubovu kwenye gari."

"Ukaukuta?"

"Sikuukuta."

"Umetafuta vizuri?"

"Nimelifungua gari lote, mpaka nati ya mwisho. Kila alichoniambia kilikuwa kweli. Hata vitu ambavyo angeweza kunyamaza asiviseme, alivisema."

Gaudensi akasimama. "Huyu ameshapata gari lake kwa bei nzuri. Atasema nini kingine? Nani anajua wamekubaliana nini?"

Watu wakanigeukia, wakanitazama kama mimi nilivyotazama kadi za magari maisha yangu yote. Wakanipindua, wakanitafuta muhuri. Sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Nikamgeukia Mama Onesmo nikasema, "Mama, nimekuja na njaa. Naomba chakula."

Nilidhani atakataa, na angekuwa na haki. Kisha akainuka akaingia jikoni. Akatoka na ugali na maharage, hakuna kuku safari hii, akaweka kwenye kigoda mbele yangu. Nikanawa. Nilipopeleka mkono, alinizuia. Akamega tonge, akachovya, akala yeye kwanza. Akatafuna polepole akiwatazama watu wote. Akameza. Kisha akasogeza sahani kwangu.

"Karibu, fundi."

"Mama, kwa nini unafanya hivyo?"

"Tangu ulipoondoka hakuna anayeshika sahani yangu kabla sijaionja," alisema. "Hata kwenye shughuli ya jumuiya. Nimezoea."

Ugali ulikuwa unatoka moshi. Sikusubiri upoe. Nilikula nikaungua ulimi, machozi yakanitoka, na watu wafikirie wanavyotaka kuhusu yale machozi. Nilimaliza sahani nikaomba nyingine. Sahani ya pili ilipokuja, mzee wa koti refu aliomba maji ya kunawa, akasogeza kigoda chake, akala nami. Gaudensi alitoka akasema ana watu wanamsubiri Njombe.

Mama Onesmo hawakumfukuza. Kikao kiliahirishwa na hakikuitishwa tena, ambayo ndiyo njia ya ukoo kukubali kosa bila kulitamka. Miti bado imesimama na ni yake. Lakini nisiwadanganye, nimeshadanganya vya kutosha: zipo nyumba pale ambazo mpaka leo hazili kwake. Neno langu la uongo lilipanda kilima kile kwa siku moja. La ukweli bado linapanda.

Ninyi mtakaorithi kazi hii ya kutafuta magari ya kale, sikilizeni. Fikeni mapema, injini ikiwa baridi. Beba nyundo ndogo, gonga chasis yote, hata pale ulipochoka. Chovya kidole kwenye oili ya gia. Soma karatasi. Shaka ni chombo kizuri, lakini kama nyundo, ukimaliza kazi irudishe kwenye sanduku. Na chakula, ukiogopa kitakulegeza, kagua kwanza kisha ule. Ni jambo jepesi kiasi kwamba naona haya kuliandika, na halikunijia akilini katika miaka yote ile.

Kazi ya Landrova ilikwisha. Niliipaka rangi yake ya zamani, na gia ya tatu sasa inakaa. Kuna watu wa Dar wamepiga simu wakiitaka, nawaambia haiuzwi. Kila mwezi naiendesha hadi Kifanya, mimi na mke wangu, tunaiegesha mahali ambapo kila apitaye ataiona, tunaingia kwa Mama Onesmo tunakula, mlango wazi. Na kila mara, kabla sijagusa sahani, yeye humega tonge la kwanza, akala, akameza.

Mwezi uliopita nilimwomba aache. Nilimwambia, mama, sisi tunakuamini, usituonjee.

"Najua," alisema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye ugali. "Mkono umeshazoea, fundi."